Swichi Iliyosahau: Dhana ya "Kuhifadhi" katika Mitambo ya Mtandao

Makala haya yanadhamiria kufafanua tatizo ambalo huonekana ni la mafundi peilee, ilhali mzizi wake mmoja umo katika neno ambalo sisi wanafunzi wa Kiswahili hulitumia kila siku: kuhifadhi.

Tuchukulie shule ya upili huko Karungu, karibu na soko la Sori, kwenye ufuo wa Ziwa Viktoria. Fundi ameunganisha maabara ya kompyuta na ofisi ya mhasibu kwa swichi moja, kisha akazitenganisha kwa usanidi ili mwanafunzi asiweze kuzifikia hesabu za karo. Kila kitu kinafanya kazi. Fundi anaabiri matatu kurudi Migori. Usiku umeme unakatika. Asubuhi swichi inawaka, taa zinametameta, lakini utengano ule haupo tena: kompyuta ya mhasibu na za wanafunzi zimo katika mtandao mmoja. Hakuna aliyeingia wala kuharibu chochote.

Swichi ina kumbukumbu za aina mbili. Usanidi unaotumika sasa hukaa katika kumbukumbu ya muda, ambayo hufutika umeme unapokatika. Usanidi wa kuanzia hukaa katika kumbukumbu ya kudumu, na ndio unaosomwa mtambo unapowashwa. Badiliko lolote huingia kwanza katika ile ya muda na kuanza kutenda kazi papo hapo. Katika swichi nyingi za Cisco, halitafika katika ile ya kudumu mpaka fundi aandike amri "copy running-config startup-config". Swichi nyingine zinazosimamiwa kwa kivinjari zina kitufe kimoja cha kutekeleza na kingine cha kuhifadhi, tena katika ukurasa tofauti. Huu, kwa maoni yangu, ni ubunifu mbaya.

Hapa ndipo lugha inapohusika. Anayehifadhi Kurani huiweka moyoni. Anayehifadhi mahindi huyaweka ghalani. Kitenzi ni kimoja, hifadhi ni mbili. Swichi ya Sori ilikuwa imehifadhi kwa maana ya kwanza, si kwa maana ya pili. Mwalimu anayefundisha somo hili kwa Kiswahili angefaidika kusema "kutia akibani" kwa kitendo cha pili, hata kama programu zilizotafsiriwa zimekwisha kuzoea "hifadhi".

Tatizo la pili hulizidisha la kwanza. Mara nyingine kiolesura cha usimamizi hakiitiki: kivinjari kinazunguka tu, ilhali wanafunzi wanaendelea kutumia mtandao bila shida. Si muujiza. Kupitisha data ni kazi ya saketi maalumu. Kumjibu msimamizi ni kazi ya kichakataji kidogo kilicho kando. Hiki cha pili chaweza kukwama huku zile za kwanza zikiendelea. Pengine pia anwani ya swichi imegongana na ya kompyuta nyingine, au vikao vya usimamizi vilivyoachwa wazi vimejaza nafasi zote. Lakini ikiwa watumiaji wote wamelemewa, basi atafutwe kwanza mtu aliyechomeka ncha zote mbili za waya mmoja katika swichi ileile. Ujumbe huzunguka humo bila kikomo na kukizamisha kichakataji.

Kishawishi cha kila mtu ni kuchomoa waya wa umeme. Asichomoe bado! Ikiwa usanidi haujatiwa akibani, huko ndiko kuupoteza. Atumie kwanza waya wa konsoli, ambao haupitii mtandao. Swichi nyingi za Cisco huhitaji kasi ya biti 9600 kwa sekunde. Ikiitika, autie usanidi akibani, asome jibu la mtambo (kumbukumbu iliyojaa au kuchakaa hukataa, nayo husema hivyo), kisha anakili faili ile katika kompyuta nyingine. Isipoitika hata kwa konsoli, hana budi kuizima, ila kwanza aandike karatasini kila mlango umeunganishwa na kompyuta ipi, kwani huenda akalazimika kuanza upya.

Kazi ikishakamilika, swichi izimwe makusudi na kuwashwa tena fundi angali shuleni, na kompyuta moja ya maabara ijaribu kuifikia ile ya mhasibu.