Mwalimu msaidizi wa Kutulo asomee ualimu wapi?

Huku pwani jina la Kutulo tukilisikia basi ni kwenye taarifa za usalama. Ni mji ulio mpakani mwa kaunti za Wajir na Mandera, kwenye barabara itokayo Wajir kwenda Elwak. Leo nataka tuutazame kwa jambo jengine, nalo ni mwalimu msaidizi: yule kijana aliyemaliza kidato cha nne, akaitwa na mwalimu mkuu ashike darasa kwa sababu hakuna mtu mwengine, na sasa ni mwaka wa tatu au wa nne bado yumo darasani. Zamani tukimwita UT. Siku hizi huitwa mwalimu wa BOM, kwa kuwa malipo yake, yakipatikana, hutoka kwa halmashauri ya shule na mifuko ya wazazi.

Swali lake ni moja: nitapataje cheti cha ualimu bila ya kuliacha darasa?

Tuanze na sheria. Sheria ya Tume ya Huduma za Walimu ya mwaka 2012 inasema mtu hana ruhusa ya kuingia katika kazi ya ualimu mpaka awe amesajiliwa na tume hiyo, yaani TSC. Na husajiliwi kwa kuwa umefundisha. Unasajiliwa kwa kuwa umesomea. Miaka kumi ya kushika chaki haihesabiki hata siku moja mbele ya karani wa usajili. Kwa hivyo kijana wetu yuko pahala pabaya: shule haiwezi kwenda bila yeye, na sheria haimtambui.

Njia ya kutambuliwa nayo imebadilika. Kile cheti cha P1 tulichokizoea, cha miaka miwili, kiliondolewa. Tangu 2021 mwalimu wa shule ya msingi husomea stashahada ya miaka mitatu, na alama inayotakiwa katika KCSE ni C. Waliokuwa tayari na P1 walifunguliwa kozi ya kuongeza kiwango. Lakini asiyekuwa na cheti chochote hana budi kuanza mwanzo, chuoni, kwa miaka mitatu.

Sasa rudi Kutulo na hesabu hiyo mkononi.

Novemba 2014 basi lililotoka Mandera lilitekwa na Al-Shabaab na abiria 28 wakauawa, wengi wao wakiwa walimu waliokuwa wakienda kwao likizo. Shule zilipofunguliwa Januari, mamia ya walimu kutoka bara walikataa kurudi wakapiga kambi Nairobi wakiomba uhamisho. Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, kaunti ya Garissa, na baada ya hapo TSC ikawahamisha walimu wasio wenyeji kutoka Garissa, Wajir na Mandera. Hakuna wa kuwalaumu. Mtu anathamini roho yake. Na si wageni tu walioumia. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu na mzaliwa wa sehemu hizo, alipigwa risasi katika shambulio la basi karibu na Elwak Desemba 2015, pale abiria walipokataa kutenganishwa kwa dini, na akafariki mwezi uliofuata.

Wageni walipoondoka, aliyebaki ni mwenyeji. Na mwenyeji huyo mara nyingi ndiye asiye na cheti. Ukimwambia afunge mizigo akakae chuoni miaka mitatu ili awe mwalimu halali, umeliondoa darasani jicho la mwisho lililobaki. Zaidi ya hayo, nani atalipa karo? Na kama ni binti mwenye mtoto mchanga, au ndiye anayemtazama mama yake mgonjwa? Wengi hawatakwenda. Watafundisha hivyo hivyo mpaka wachoke, kisha waende kufungua duka.

Wapo wanaosema dawa ni kushusha alama. Serikali imewahi kulegeza masharti ya kujiunga na ualimu kwa vijana wa kaunti za ukame, na kila mara mabishano yamezuka. Mimi naona mjadala huo unapiga pembeni. Mlango wa kuingilia ulegezwe kwa aliyekwisha kuonyesha kwamba anaweza kukaa na watoto arubaini kwenye joto la Mandera. Wa kutokea usilegezwe hata kidogo: mtihani uwe ule ule wanaofanya wenzake wa Shanzu na Thogoto. Kinachokosekana hapo katikati ni namna ya kusoma ukiwa kazini.

Na hili si jambo geni Afrika Mashariki. Limeshafanywa, na kwa wingi.

Tanzania, baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, iliamua kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Walimu hawakuwepo. Basi wakachukuliwa vijana waliomaliza darasa la saba, wakapelekwa shule za vijijini kwao. Walifundisha madarasa ya chini sehemu ya siku, na wakati uliobaki walisoma wenyewe vitabu vya kozi ya posta, wakasikiliza vipindi vya redio, wakakaa chini ya mwalimu mzoefu wa shule hiyo na mkufunzi aliyekuwa akizunguka. Kozi ilichukua miaka mitatu. Walioingia ni wapatao 45,000 na waliohitimu ni zaidi ya 35,000. Kisa hiki kina upande wa pili, tusiufiche. Jina "mwalimu wa UPE" liligeuka kuwa la kejeli, na wengi ilibidi warudishwe masomoni baadaye kwa sababu elimu waliyoanza nayo ilikuwa ndogo. Lakini watoto walifundishwa, tena wakati ule ule walipohitaji kufundishwa.

Kenya yenyewe ilianza mapema zaidi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa na kitengo cha masomo kwa posta, na wanafunzi wake wakubwa walikuwa walimu wa msingi wasiosomea kazi hiyo. Barua na redio ndizo zilizokuwa darasa lao.

Kisha kuna chekechea, na hapa pwani tuna la kujivunia. Tangu katikati ya miaka ya 1980, vituo vya DICECE vilifundisha walimu wa chekechea kwa miaka miwili, vikao vya chuoni vikifanywa likizo za Aprili, Agosti na Disemba. Shule ikifunguliwa, mwalimu yuko na watoto wake, na mkufunzi anakuja kumtazama pale pale. Wakati huo huo Mombasa, Bi Swafiya Said alianza kazi ya chekechea za madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Walimu wake walikuwa kina mama na mabinti wa mitaa yenyewe, wengi hawakuwa wamesoma sana, wakafundishwa kazi huku wakiifanya. Mpango huo ulifika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda 1993. Kama ulisoma chekechea ya madrasa miaka hiyo, aliyekufundisha "a, e, i, o, u" huenda alikuwa naye ni mwanafunzi.

Na mfano ulio karibu zaidi na Kutulo uko Dadaab, kaunti ya Garissa. Shule za kambi za wakimbizi zimeendeshwa kwa miaka na vijana wa kambini waliomaliza kidato cha nne, wakilipwa posho ndogo. Kuanzia 2013 vyuo vikuu vya Kenyatta na Moi, pamoja na York na British Columbia vya Canada, vilishirikiana kuwasomesha walimu hao papo hapo Dadaab, kwa kituo cha masomo, intaneti na vikao vya likizo. Jambo la busara katika mpango ule ni kwamba masomo yalipangwa ngazi kwa ngazi: cheti, kisha stashahada, kisha shahada. Aliyelazimika kuacha njiani kwa safari au kwa ndoa hakuondoka mikono mitupu.

Ikiwa limewezekana kambini, chini ya mahema na vumbi lile, linashindikanaje Kutulo? Garissa kuna chuo cha ualimu. Likizo zipo. Simu zimefika pahala ambapo redio ilikuwa shida. Kinachotakiwa ni Wizara na TSC wakubali kuwa muda aliofundisha mwalimu msaidizi, chini ya jicho la mwalimu aliyesajiliwa, uhesabiwe kuwa ndio mazoezi yake ya kufundisha, na kaunti au mfuko wa eneo bunge ubebe karo kwa sharti kwamba akimaliza atabaki hapo miaka kadhaa. Na wenzetu wa Lamu wanajua hili linawahusu. Shule za Waboni huko Basuba zilikaa zimefungwa miaka kwa sababu walimu walikimbia.

Mpaka hapo mpango utakapokuja, mwalimu msaidizi asikae bure. Aliyekosa alama anaweza kurudia KCSE kama mtahiniwa wa binafsi. Kila muhula omba barua ya mwalimu mkuu inayotaja darasa, masomo na tarehe ulizofundisha. Mwalimu mkuu akihamishwa, hutampata tena. Weka tayari kitambulisho, vyeti vya shule na PIN ya KRA. Cheti cha mwenendo mwema kutoka polisi nacho kitatakiwa siku ya kusajiliwa TSC. Na likija tangazo la chuo kinachoahidi ualimu kwa miezi michache, kabla ya kutoa hata shilingi moja uliza maswali mawili: chuo hiki kimesajiliwa na nani, na mtihani wa mwisho unatungwa na nani? Akijibu kwamba wanatunga wenyewe, hifadhi pesa zako.