ATM ya maziwa: usichague bodi kwa bei peke yake

Vijana wenzangu, wengi mnaniuliza: nikitaka kujiundia ATM ya maziwa, ndani niweke bodi gani? Swali zuri, maana bodi ndiyo inayopokea taarifa ya M-Pesa, kuwasha pampu na kuhesabu maziwa yanayotoka.

Arduino Uno ni rahisi kujifunza, lakini yenyewe haina mtandao. Raspberry Pi ina nguvu, ila ni kompyuta kamili inayotegemea kadi ya memori. Stima ikipotea ghafla, kadi inaweza kuharibika, na asubuhi mashine haiwaki huku wateja wamepanga foleni na chupa mkononi.

Mimi ningeanza na ESP32. Ni ya bei nafuu, ina Wi-Fi ndani, na stima ikirudi inawaka yenyewe haraka. Kama huna Wi-Fi, ongeza moduli ya laini ya simu. Hapa ndipo wengi hukwama: SIM800L, kwa mfano, ikituma inaweza kuvuta hadi ampea 2 kwa muda mfupi sana. Ukiiwekea umeme kutoka kwenye pini ya bodi, itazimazima. Ipe umeme wake.

Kabla ya kumwaga maziwa, jaribu na maji. Lipia lita moja, chomoa waya katikati, kisha rudisha. Salio la mteja bado lipo? Kama limepotea, mwambie fundi programu ihifadhi malipo na kiasi kilichotoka kwenye memori ya kudumu. Mteja aliyelipa akakosa maziwa harudi, na maziwa nayo hayamngoji fundi.