Mionzi ya Kutengenezwa, Dawa ya Muda Mfupi

Mgonjwa anayeambiwa atachomwa sindano yenye mionzi ana haki ya kuuliza: mionzi hiyo imetoka wapi? Jibu ni kwamba imetengenezwa. Mwaka 1934 Irène na Frédéric Joliot-Curie, mtu na mkewe, walilipiga bamba la alumini kwa chembe za alfa. Walipoondoa chanzo cha chembe hizo, bamba liliendelea kutoa mionzi lenyewe, kwa kuwa baadhi ya atomu zake zilikuwa zimegeuka fosforasi.

Kiini cha atomu kina protoni na nyutroni. Uwiano wake ukivurugwa, kiini hutoa mionzi mpaka kitulie. Leo uwiano huo huvurugwa hasa kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kinu cha nyuklia, nayo ina deni kwa Minneapolis. Mapema mwaka 1940, mwanafizikia Alfred Nier wa Chuo Kikuu cha Minnesota, mjini humo, alitenga chembechembe za urani-235 akazituma kwa posta Chuo Kikuu cha Columbia, New York. Vipimo vikathibitisha kuwa hiyo ndiyo urani inayopasuliwa na nyutroni za mwendo wa polepole. Ujuzi huo ulizaa bomu, lakini ulisaidia pia kuzaa vinu. Teluri ikiwekwa kinuni, hunasa nyutroni zinazotoka kwenye urani inayopasuka na hatimaye kutoa iodini-131, inayotibu saratani ya tezi ya shingo. Nguvu yake hupungua kwa nusu kila baada ya siku 8.

Njia ya pili ni saikilotroni, mashine inayokimbiza protoni na kuzigonganisha na maji yenye oksijeni-18. Hupatikana florini-18, ambayo huunganishwa na aina ya sukari ili kufichua uvimbe wenye njaa ya sukari. Nusu yake hutoweka kwa dakika 110, kwa hiyo haiwekwi ghalani: hutengenezwa karibu na mgonjwa. Ndiyo maana Hospitali ya Aga Khan, Nairobi, ina saikilotroni yake.

Dawa hizi si sawa na eksirei. Kupigwa eksirei hakumwachi mtu na mionzi mwilini; dozi ya kunywa au kuchomwa humwachia kwa muda. Kwa hiyo, kama una mimba au unanyonyesha, mwambie daktari kabla ya dozi, na ukipewa masharti ya kukaa mbali na watoto, yafuate mpaka siku ya mwisho.