UZI: Kitanda kipya hakimzuii mgonjwa kuanguka

1/ Kwa kila mdahalo wa ugavana utasikia: "Tumejenga wadi, tumeongeza vitanda." Ukumbi unapiga makofi. Mimi siku hizi nina swali moja tu: usiku, hiyo wadi ina manesi wangapi? Wacha niwaeleze kwa nini.

2/ Mzee wangu, miaka 74, alilazwa hospitali ya umma na nimonia. Saa tisa usiku akabanwa na mkojo. Akaita, hakuna aliyesikia. Akaamka mwenyewe gizani, akateleza njiani kwenda chooni, nyonga ikavunjika. Aliingia akitembea, akatoka kwa kiti cha magurudumu.

3/ Nilifika asubuhi nikiwa moto. Sista akaniambia, "Pole ndugu yangu. Nilikuwa na wagonjwa 38 na mwanafunzi mmoja. Baba akianguka, nilikuwa namwekea mwingine damu." Ningemjibu nini?

4/ Na si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linasema kuanguka ni chanzo cha pili duniani cha vifo vya majeraha yasiyokusudiwa, baada ya ajali za barabarani. Wanaokufa zaidi ni waliopita miaka 60.

5/ Nani anaajiri manesi? Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 liko wazi: hospitali za kaunti ni kazi ya kaunti. Hospitali za rufaa za kitaifa ndizo za serikali kuu. Mgombea akikuambia "hiyo ulizeni Nairobi", anakuzungusha.

6/ Ila ana hoja moja ya kweli. Kanuni za fedha za kaunti za 2015 zinasema mishahara isipite 35% ya mapato ya kaunti. Sawa. Basi mwulize: katika hiyo 35%, wangapi wako wadini na wangapi wako ofisini?

7/ Na "hatuna watu" isiwe sababu ya kukaa tu. Nesi mmoja anaweza kufanya haya:
- Mgonjwa akilazwa, aulizwe: umewahi kuanguka? Unatembea kwa kushikwa? Unameza dawa za usingizi, presha au za kukojoza?
- Aliye hatarini alale karibu na meza ya manesi, si kule mwisho.
- Kitanda kishushwe, magurudumu yafungwe, maji na mkongojo viwe karibu.
- Wapelekwe choo kwa saa maalum, hasa kabla ya taa kuzimwa. Wengi huanguka wakikimbilia choo.
- Sakafu iwe kavu, na taa ya njia ya chooni iwake.

8/ Kumfunga mgonjwa kitandani si suluhisho. Hata vyuma vya pembeni vina hatari: mzee aliyechanganyikiwa hupanda juu yake, akaanguka kutoka juu zaidi. Jamaa mmoja akiruhusiwa kulala hapo anasaidia sana, lakini jamaa si nesi. Tusikubali huruma ya familia iwe sera ya kaunti.

9/ Makadirio ya bajeti ya kaunti hufikishwa bungeni kufikia tarehe 30 Aprili. Ukienda kwa kikao cha maoni ya umma, usiulize vitanda ni vingapi. Uliza zamu ya usiku ina nani. Mzee wangu hakukosa kitanda. Alikosa mtu wa kumshika mkono hatua kumi.