Gogo Rahisi, Kinyago Ghali: Mchongaji wa Tulia Anunue Nini?

Anayeanza uchongaji Tulia hayuko mbali na shina la kazi hii Ukambani. Wamunyu iko kwenye barabara ya Machakos–Kitui, na huko ndiko alikotoka Mutisya Munge, anayetajwa kuwa mwanzilishi wa uchongaji huo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Swali la leo ni la mfukoni: mti gani, zana gani?

MTI
Jakaranda ndiyo ya bei ya chini. Ni laini na haichoshi mkono. Tatizo ni maji: wengi huichonga ikiwa mbichi, na twiga aliyependeza leo hupasuka shingo kabla ya kupata mteja. Ukipoteza kinyago kimoja kwa kila vitatu, bei halisi ya gogo imepanda kwa nusu.

Mwarobaini ni mgumu zaidi, una wekundu wa kupendeza na hukua haraka. Wachongaji wa Pwani waliugeukia miti ya asili ilipoadimika.

Mukau ni wa nyumbani. Mchwa hawauwezi, na ukitunzwa vizuri hukomaa kwa miaka 12 hadi 15. Ila mafundi wa milango na vitanda wanautaka pia, kwa hiyo usishindane nao kwa mbao ndefu. Ulizia matawi na vipande vinavyobaki karakanani.

Muhugu na mpingo ni vya wenye oda. Vyote huchukua miongo mingi kufikia unene wa kuchongwa. Tangu 2017 mpingo uko chini ya mkataba wa CITES. Bidhaa zake zikizidi kilo 10 katika shehena moja, huvuki nazo mpaka bila kibali. Jihadhari pia na jakaranda iliyopakwa kiwi nyeusi. Kwangua chini ya kitako, au tia kipande majini: mpingo huzama, jakaranda huelea.

Mti wowote utakaochagua, uliza kama nauli na kibali cha kusafirisha magogo vimo katika bei.

ZANA
Kwa kuanzia inatosha tezo, patasi mbili, kisu, tupa na kinoo. Mhunzi wa juakali hufua tezo kutoka kwa springi ya gari, na mpini utajikatia mwenyewe. Usibane pesa kwenye chuma: tezo laini hupoteza makali, nawe utalipia uvivu huo kwa msasa. Msasa hununuliwa kila wiki, tezo hudumu miaka. Kisu kikali kikipita vizuri, karatasi ya kwanza ya msasa huihitaji.

UKAUSHAJI
Hili halina risiti, lakini ndilo linaloamua faida. Chonga umbo la jumla, paka nta kwenye ncha, weka kivulini hadi uzito uache kupungua, ndipo umalizie.

USHAURI WETU
Jifunzie kwa jakaranda, uza mukau au mwarobaini. Mpingo uguse mteja akishaweka malipo ya awali.