Kugumisha na Kutuliza Chuma cha Pua Bila Tanuri la Mhunzi: Mfano wa Visu vya Springi Jijini Kampala

Makala haya yanafafanua namna chuma cha pua kinavyoweza kupewa ugumu wa kisu kwa jiko la mkaa, bila tanuri la mhunzi. Mfano unaozingatiwa ni wa karakana ndogo kama zile za Katwe, Kampala, mtaa unaofahamika kwa mafundi wanaogeuza vyuma chakavu kuwa zana. Hoja inayojengwa ni kwamba kikwazo kikubwa si ukosefu wa tanuri, bali ni kusahauliwa kwa hatua ya pili ya kazi, ambayo haina hata jina moja la Kiswahili linalotumiwa na wote. Hapa hatua ya kwanza inaitwa kugumisha, na ya pili kutuliza.

Malighafi inayofaa ni springi ya lori, ambayo kwa kawaida huwa na kaboni ya karibu asilimia 0.6. Nondo laini ya ujenzi ina kaboni haba mno. Haigumiki hata ikichovywa mara mia. Springi hupashwa moto hadi iwe nyekundu, ikaachwa ipoe polepole ndani ya majivu ili ilainike, kisha hukatwa na kuchongwa kwa grenda na tupa. Kwa kuwa umbo halipatikani kwa nyundo, moto unahitajika kwa ajili ya tabia ya chuma tu, na ubapa wa kisu cha jikoni hutoshea katika jiko la mkaa linalopulizwa kwa feni ndogo.

Ugumu wenyewe hutokana na kaboni. Chuma kikipata joto la kutosha, kaboni huyeyuka ndani yake kama chumvi majini. Kikipozwa ghafla, kaboni hunaswa kabla haijajitenga, na chuma hukakamaa. Fundi asiye na kipimajoto hutumia sumaku: kwenye nyuzi 770 hivi za Selsiasi chuma huacha kuvutwa nayo. Hata hivyo sumaku ni dalili ya kukaribia, si ya kufika. Chuma cha springi huhitaji kupanda zaidi, hadi nyuzi 830 hivi, na kukaa hapo dakika chache. Jambo hili hufanywa kivulini. Juani wekundu wa chuma hufifia machoni, fundi akaongeza moto kupita kiasi, na chembe za chuma zikakua. Kisu cha namna hiyo huvunjika kwa urahisi.

Kisha ubapa huchovywa wima katika mafuta ya kupikia yaliyopashwa hadi nyuzi 50 au 60. Maji hupoza kwa kasi mno, na springi nyingi hupasuka ndani yake. Oili chakavu ya injini, ijapokuwa haina gharama, hubeba metali zenye sumu, na moshi wake humwingia fundi kifuani. Wapangaji wa mafunzo hawana sababu ya kuivumilia.

Kisu kilichotoka kwenye mafuta ni kigumu, lakini kikianguka sakafuni huweza kukatika kama kioo. Ndipo inapokuja hatua ya kutuliza: kisu hurudishwa kwenye joto la nyuzi 200 hadi 230, saa moja, mara mbili, bila kusubiri siku ya pili, kwa sababu huweza kupasuka chenyewe kikiwa kimelala. Oveni ya jikoni yatosha. Pasipo oveni, ubapa uliosuguliwa kwa msasa hadi ung'ae huonyesha rangi ya majani makavu unapofika kwenye joto hilo. Panga, linalopokea mapigo, hutulizwa zaidi ya kisu.

Athari ya hatua hii kwa sera imo katika upimaji. Mtihani wa ufundi ukitegemea tupa pekee, yaani kuangalia kama tupa inateleza juu ya makali bila kuyala, kisu ambacho hakijatulizwa kitafaulu vizuri kuliko kilichotulizwa, nacho ndicho kitakachomrushia mtumiaji kipande usoni. Kipimo cha haki zaidi ni kubonyeza makali juu ya kijiti cha shaba ya njano: makali yaliyotulizwa sawasawa hupinda kidogo na kurudi, yaliyo laini hubaki yamepinda, na yasiyotulizwa humeguka.