Sanaa mezani: Vitambaa vinavyochapwa kwa mkono

Katika nyumba nyingi za mijini, mgeni akialikwa chakula cha Jumapili hupewa karatasi laini ya kupangusia midomo. Karatasi hiyo hulowa kwa mchuzi wa kwanza na kugandamana na vidole hata kabla nyama haijaisha. Lakini zipo meza nyingine ambako utakuta kando ya sahani kipande cha mraba cha kitambaa cha pamba kilichokunjwa vizuri, na juu yake mistari myeusi iliyopindana, duara jekundu lisilokamilika na madoa ya manjano yaliyotawanyika kama mtama uliomwagika. Mgeni hukiinua, akakigeuza upande huu na ule, kisha akauliza: hii ni picha ya nini?

Si picha ya kitu chochote, msomaji. Ni sanaa dhahania, yaani ile isiyochora ng'ombe wala mnazi, bali huacha rangi, mistari na maumbo yaseme yenyewe. Wazungu humtaja sana Wassily Kandinsky, aliyezaliwa Moscow mwaka 1866, kuwa miongoni mwa waliofungua njia hiyo katika uchoraji wao mwanzoni mwa karne ya 20. Mwaka 1913 mchoraji Roger Fry na wenzake walianzisha karakana ya Omega jijini London, wakauza vitambaa vya nyumbani vilivyochapwa maumbo ya namna hiyo. Hata hivyo, wasitufanye tudhani kwamba jambo hili ni lao. Wakuba wa Kongo walikuwa wakitengeneza nguo za ukindu zenye mistari na pembe za ajabu kabla ya hapo, na Mfaransa Henri Matisse alizikusanya na kuzitundika ukutani mwake azitazame anapofanya kazi. Nasi tunao mkeka na kiondo. Nani aliwahi kuuliza mistari ya kiondo ni picha ya nini?

Isitoshe, kipande cha mraba chenye mapambo kina ukoo wa karibu zaidi na sisi. Neno leso lilitoka kwa Wareno, ambao lenço kwao ni kitambaa cha mkononi. Husimuliwa kwamba katika karne ya 19 wanawake wa pwani walinunua vitambaa hivyo vikiwa bado havijakatwa, wakavishona pamoja viwe nguo moja pana ya kujifunga, na hapo ndipo leso tunayoijua ikazaliwa. Kwa hiyo anayechapa kitambaa cha mezani leo ni kama anayeirudisha leso ilikotoka.

Kazi yenyewe haihitaji kiwanda. Hata mwanafunzi aliye likizoni anaweza kuianza juu ya meza ya jikoni, mradi mama mwenye jiko amekubali.

Kwanza ni kitambaa. Kiwe pamba tupu, kwa sababu nailoni na poliesta hazinyonyi maji, na kitambaa kisichonyonya husambaza mchuzi mdomoni badala ya kuuondoa. Muuzaji akiapa kuwa ni pamba, chomoa uzi mmoja uuchome kwa kiberiti. Pamba hunuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kuacha kitone kigumu. Kitambaa chenye upana wa sentimita 150 hukupa vipande sita vya sentimita 50 kwa kila mita moja. Ukikunja pindo la sentimita mbili na nusu kila upande, kila kipande hubaki na sentimita 45, kipimo kinachotosha kabisa. Lakini kabla ya kukata, kifue kwa maji ya moto ili wanga wa kiwandani utoke na kitambaa kirudi kabisa. Kisiporudi sasa kitarudi baadaye, na pindo lako litapinda.

Muhuri rahisi kuliko wote ni kiazi. Kipasue katikati, ukikaushe kwa kitambaa, chonga umbo lako kwa kisu, kisha upake rangi kwa sponji na kukandamiza. Ubaya wake ni kwamba kesho yake kitakuwa kimenywea. Wanaofanya kazi hii kwa biashara huchonga mbao au mpira, ama hutumia fremu ya mbao iliyowambwa wavu mwembamba, ambapo rangi husukumwa kwa ubapa wa mpira na kupenya pale tu palipoachwa wazi.

Hapa ndipo wengi huharibu. Rangi ya kawaida ya kuchapia nguo haiingii ndani ya uzi. Hukaa juu yake, ikishikwa na gundi yake. Ukiijaza kila mahali, kitambaa hukakamaa na hakinyonyi tena. Kwa maoni yangu, kitambaa kizuri cha mezani ni kile kilichoachiwa nafasi kubwa nyeupe, na nafasi hiyo hiyo ndiyo hufanya michoro ionekane. Ikikauka kwa siku nzima, pigwa pasi ya moto upande wa nyuma kwa dakika kadhaa kama maagizo ya kopo yanavyosema, la sivyo rangi haishiki.

Ipo njia nyingine, ya rangi zinazoungana na pamba yenyewe, ambazo kampuni ya ICI ya Uingereza ilianza kuziuza mwaka 1956. Hizi haziongezi ukakamavu wowote. Zinachohitaji ili zishike ni soda ya kufulia, ile ile ambayo Kenya huichimba katika Ziwa Magadi na kuiuza ng'ambo. Lakini unga wake si wa kuvutwa puani. Vaa glavu, ziba pua na mdomo, na sufuria utakayoitumia isirudi tena kupika ugali.

Kwa wanunuzi, jambo la kuangalia ni rangi kushika. Mwaka jana nilinunua vitambaa sita kwenye maonyesho ya kazi za mikono, nikahakikishiwa kwamba nivifue nitakavyo. Fuo la kwanza tu maji yaligeuka zambarau, na shati jeupe la shule lililokuwa kwenye beseni hilo halikupona. Tangu hapo sinunui kabla ya kulowesha kona ya leso nyeupe na kusugua mahali penye rangi iliyokolea. Leso ikichafuka, narudisha kitambaa mezani na kumtakia muuzaji siku njema. Na yule atakayekuambia ukiloweke katika chumvi na siki ili rangi ishike, mshukuru tu. Rangi ambayo haikushikishwa wakati wa kuchapa haiokolewi na kachumbari.

Muuzaji naye ana malalamiko yake, na si ya uongo. Mteja hushika kitambaa, akalinganisha bei na vile vya mashine kutoka ng'ambo, akaguna. Ebu tuhesabu pamoja. Kitambaa kimoja cha sentimita 45 kina pindo la sentimita 180. Seti ya sita ni karibu mita 11 za kushona, mbali na kufua, kukata, kuchonga, kuchapa na kupiga pasi. Kijana akiuza kwa bei ya gharama ya pamba na rangi peke yake atakuwa amefanya kazi ya bure, na muhula ukianza atakuwa hana nauli. Aandike saa zake kama anavyoandika mita zake, kisha aziweke katika bei. Asiyeweza kununua sita anunue viwili, kwani vya mkono havilingani kamwe, na hakuna atakayejua kwamba seti haikutimia.

Kwa nyumba ambazo maji huja kwa mgao, sitadanganya kwamba kitambaa ni nafuu kuliko karatasi kila siku. Viwekwe kwa Jumapili na wageni.

Doa gumu litakuwa lile la bizari. Likiguswa na sabuni hugeuka jekundu, na watu hushtuka wakidhani wameharibu kitambaa. Suuza mpaka sabuni iishe, uanike juani upande wenye doa ukitazama juu. Jua huifuta bizari, ila usikisahau huko mchana kutwa siku baada ya siku, maana jua hilo hilo hatimaye litafika kwenye duara jekundu.